Mbuzi Aliyesubiri Marahaba

Nilifika Makutupora kwa kazi ya siku kumi na moja. Madawati arobaini yaliyolegea miguu, ugali wa mchana, na chumba cha kulala nyuma ya stoo ya shule. Siku ya kumi na mbili nilipanga niwe Bahi, kuna mtu alitaka milango. Baada ya Bahi, Manyoni. Baada ya Manyoni sijui, maana sijawahi kujua. Nimeishi hivyo tangu nina miaka kumi na minne. Hata shule niliisoma hivyo hivyo: darasa la kwanza Kongwa, la pili Mpwapwa, la tatu nusu Kilosa, hapo mvua ikatukuta nikahama na nusu yangu.

Aliyeniharibia safari ni Mwalimu Evelina wa darasa la nne. Alinikuta nagonga dawati la mwisho, ameshika karatasi yenye vipande vya rangi vilivyoshikana kimoja juu ya kingine, kama ukuta uliojengwa na fundi aliyelewa.

"Mzee Thobias, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

"Unaweza kuchonga hivi?"

"Ni nini hivi?"

"Vitofali. Vya kuiamrisha kompyuta."

"Kwa mbao?"

"Kwa mbao."

Nikaweka nyundo chini. Nimeona mengi, lakini hilo lilikuwa jipya.

Akanieleza. Mwaka ulikuwa 2009, na kila kilichochoka Ulaya kilikuwa kinakuja kwetu kuanza maisha upya: makoti, friji, matairi, sasa kompyuta. Ofisi moja ya mjini, jina lake nalihifadhi, ilikuwa imeipa shule kompyuta tano zenye matumbo makubwa kama televisheni za zamani. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa kufundishia watoto. Ulikuwa na viumbe vidogo kwenye kioo, na mtoto anaviamrisha kwa kupanga vitofali: tembea, geuka, sema, subiri. Lakini zawadi ilikuja na barua. Mwisho wa muhula atakuja mgeni. Lazima aone kitu kinatembea kwa amri ya watoto wenyewe. Asipoona, kompyuta zinahamia shule ya mjini yenye umeme.

Sisi umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na jenereta, na petroli ya saa moja kwa juma, siku ya Alhamisi. Watoto wa darasa la nne walikuwa mia moja na kumi. Piga hesabu mwenyewe, mimi darasa la tatu nililiacha nusu.

"Kwa hiyo Ijumaa mpaka Jumatano wajifunze kwa mbao, hapa chini uwanjani," akasema. "Alhamisi wakiingia kwenye kioo wawe wanajua tayari. Mwalimu mkuu anasema napoteza muda. Mimi ndiye niliyeziomba hizi kompyuta, mzee. Zikiondoka, sitaweza tena kuwaangalia hawa watoto usoni."

Nikachonga. Mbao zilitoka kwenye makreti mabovu ya zabibu, hayakosekani pale. Kila kitofali kina pengo juu na jino chini, ili jino la huyu liingie kwenye pengo la yule. Cha bendera ya kijani, kile cha kuanzia, juu ni mviringo kama kofia, kwa sababu hakuna anayekaa juu ya mwanzo. Mwalimu aliandika maneno kwa Kiswahili kwa rangi: TEMBEA HATUA 10. GEUKA. SEMA. SUBIRI MPAKA. UKIGUSA UKINGO, GEUKA. Vitofali vikishikana tuliita mnyororo. Uwanja wa kuchezea tuliuita jukwaa. Na yule anayeamrishwa tulimwita kikaragosi.

Kimoja tu kilinipa shida, kile cha DAIMA. Kilikuwa na mdomo mpana wa kumeza vitofali vingine, lakini chini kilikuwa bapa. Nikamwendea mwalimu.

"Aliyechora hiki amesahau jino."

"Hakusahau."

"Sasa kinachofuata kitashika wapi?"

"Baada ya daima kuna nini, mzee?"

Nikarudi kwenye msumeno. Nilikaa siku mbili nalifikiria jambo lile, na kazi ya Bahi ikapita.

Sasa vitofali vipo, kikaragosi hakuna. Mwalimu akaangaza macho uwanjani, yakatua kwangu. Ndivyo mimi, mtu wa miaka sabini na moja ambaye hajawahi kupangiwa njia na yeyote, nilivyoanza kutembezwa na watoto wa miaka kumi. Wanapanga mnyororo mavumbini, nami nafuata neno kwa neno. Siku ya kwanza walisahau kuweka UKIGUSA UKINGO, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa miiba.

"Babu, kwa nini hukugeuka?" akauliza Yotham, mtoto mwenye meno mengi na haya kidogo.

"Mmeniambia nigeuke?"

"Si ungejua mwenyewe!"

"Kikaragosi hajui mwenyewe," akasema Priska. "Ni kosa letu. Mchomoeni babu miiba."

Priska alikuwa mtoto wa wafugaji, na alishika vitofali kama mtu aliyezaliwa navyo. Alisema ni kama kuchunga tu: ukimpigia mbuzi mluzi mbovu, usimlaumu mbuzi.

Juma la pili wakanifunga kwenye DAIMA. Hatua kumi, gusa ukingo, geuka, hatua kumi. Kengele ya uji ikalia, wakakimbia wote. Mimi nikaendelea. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuvunja mnyororo. Mwalimu Evelina alinikuta nazunguka peke yangu juani.

"Mzee! Kwenye kioo kuna alama nyekundu ya kusimamisha!"

"Sijaichonga hiyo."

"Basi ichonge."

"Nitaichonga nikipata rangi nyekundu," nikasema. "Ndiyo itakuwa kazi yangu ya mwisho. Nikimaliza hiyo, nakwenda zangu."

Ugomvi mmoja tu ulitokea kati yangu na watoto. Asubuhi moja walinipangia mnyororo na kunipungia mikono nianze, hata salamu hakuna. Nikakaa kwenye gogo.

"Mtu mzima haamrishwi kabla ya kuamkiwa," nikawaambia. "Na siyo mimi tu. Kikaragosi chochote kikitokea mbele za watu, kwanza kimwamkie mkubwa aliyepo. Kisha kisubiri aitikie. Hajaitikia, hakuna hatua."

Nilisema kwa hasira za magoti yaliyochoka, lakini Priska alilichukua kama sheria. Kuanzia siku ile kila mnyororo ulianza hivi: bendera, SEMA SHIKAMOO, SUBIRI MPAKA MARAHABA. Kikaragosi akawa Yotham. Mimi nikapandishwa cheo nikawa mkubwa aliyepo, kazi yake kukaa kwenye gogo na kuitikia. Niliipenda. Laiti ningejua.

Siku za Alhamisi wakaihamishia kazi yao kwenye kioo. Walichora mbuzi wao wenyewe, mweusi mwenye baka jeupe, wakampa mavazi mawili. Wenye mchezo ule huliita vazi hata umbo la kiumbe. Vazi moja miguu imeachana, lingine miguu imekutana. Mbuzi akibadilisha vazi upesi upesi unaapa anatembea. Naye alilelewa vizuri: alitokea, akasema shikamoo kwenye kiputo juu ya pembe, kikafunguka kisanduku cheupe, akasubiri uandike marahaba. Ukiandika, anakwenda. Mimi mwenyewe niliandika mara tatu, kwa kidole kimoja. Sikuwa nimejua kwamba nusu niliyoibakiza Kilosa ingenisubiri miaka yote hiyo ndani ya tumbo la kompyuta.

Mgeni alipangiwa Alhamisi, saa nne. Tulikuwa na petroli ya saa moja, na Mwalimu Mkuu Ernest akaamuru jenereta iwashwe saa nne kasoro dakika tano.

"Asubiriwe afike kwanza," akasema Mwalimu Evelina.

"Aikute inanguruma! Mgeni akisikia mngurumo tangu barabarani anajua hapa pana maendeleo."

Saa nne ikapita inanguruma. Saa nne na nusu, inanguruma. Saa tano kasoro kumi ndipo ikaingia pikapu nyeupe. Nyuma ilikuwa tupu, isipokuwa magunia ya kuwekea vitu visivyotakiwa kugongana, na kamba. Mwalimu Evelina akaziona zile kamba. Nami nikamwona alivyoziona.

Akashuka Bwana Batholomeo. Suti ya kijivu, nywele nyeusi kuliko umri wake, miwani mfukoni. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na randa mkononi. Akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya simu.

"Karibu sana, mheshimiwa," akasema mwalimu mkuu. Dodoma ukivaa suti tu umeshakuwa mheshimiwa.

"Sina muda. Ziko wapi? Na nataka tuelewane: mwalimu yeyote asiguse mashine. Nimedanganywa shule mbili wiki hii. Walimu wanabonyeza nyuma ya pazia, watoto wanapiga makofi."

"Hatugusi," akasema Mwalimu Evelina.

Akaketishwa mbele ya kompyuta ya kwanza. Priska akabonyeza bendera ya kijani. Mbuzi akatokea jukwaani, akatikisa mkia, kiputo kikafunguka: Shikamoo.

Kisha akasimama.

Bwana Batholomeo akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama Bwana Batholomeo.

"Mbona hatembei?"

"Anasubiri umwitikie," akasema Priska. "Andika hapo, marahaba."

"Mimi niitikie salamu ya mbuzi?"

"Kakuamkia vizuri tu."

Watoto wakacheka kidogo, wakajizuia. Mwalimu Evelina akanyoosha mkono. "Ngoja nikusaidie, mheshimiwa, ni herufi chache..."

"Nimesema mwalimu asiguse!"

"Basi mwanafunzi."

"Haiwezekani," akasema Priska. "Salamu ni ya kwake. Mtu hasaidiwi kuitikia kama yupo."

Mgeni akaweka mikono mapajani. Akakohoa. Akapapasa kifua, akasema, "Tatizo nimesahau miwani."

Miwani ilikuwa mfukoni, tunaiona sote. Hapo nikamfahamu. Ujanja huo wa miwani nimeutumia mimi kwenye ofisi nyingi, nikipewa fomu ndefu. Yule bwana aliyegawa kompyuta mkoa mzima alikuwa hajawahi kuigusa hata moja. Alikuwa na katibu muhtasi wa kumpigia barua. Sikuwa na kinyongo naye tena, isipokuwa kile cha mlangoni.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu. "Hata mimi ilinisumbua, bwana. Hazikupangwa kama tulivyofundishwa, a, be, che. Ni kama zimemwagwa. Ile pale M, chini."

Akanyoosha kidole kama anapima kama pasi ina moto. M.

"A ipo kushoto pembeni," wakanong'ona watoto. A. R. Kisha akatabasamu bila kutaka. "A tena! Hii naijua." Akaibonyeza kwa nguvu. "Inayofuata H. H... H..."

Kidole kikazunguka juu ya herufi kama kunguru anayetafuta pa kutua. Na huko nje jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kioo kikajikunja kikawa nukta nyeupe. Nukta ikafa.

"Amekwenda wapi?" akauliza mgeni.

"Kalala," akasema Yotham.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake. Bwana Batholomeo akasimama, akavuta koti, na uso wake ukarudi ulivyokuwa alipokuwa anashuka garini.

"Barua ilisema nione kitu kinatembea. Sikuona kitu kinatembea."

"Angetembea, mheshimiwa," akasema Mwalimu Evelina. "Ni mafuta tu."

"Mafuta ndiyo sababu ya kuzipeleka kwenye umeme. Seth!" Akamwita dereva. "Leta kamba."

Sauti ya Priska ikatoka nyuma. "Tunavyo vya mbao!"

Kabla hajakatazwa, watoto walikuwa wameshatoka na sanduku langu, wanapanga uwanjani. Bendera. SEMA SHIKAMOO. SUBIRI MPAKA MARAHABA. Kisha DAIMA, na ndani ya mdomo wake TEMBEA HATUA 10 na UKIGUSA UKINGO, GEUKA. Mwalimu Evelina alieleza haraka haraka kwamba ni mnyororo ule ule wa mbuzi, kioo na mbao ni kitu kimoja. Mgeni akasikiliza, kichwa upande. Yotham akasimama kwenye alama.

"Huyo hapana," akasema mgeni. "Huyo amekariri. Hata kasuku anakariri. Nioneshe mtu ambaye hajui kitakachofuata."

Priska akatafuta kwa macho. Mimi nilivichonga, sifai.

"Dereva?"

"Mimi nimeshika kamba," akasema Seth.

"Mwalimu mkuu?"

"Goti," akasema Mwalimu Ernest, akalishika.

Priska akainua uso taratibu mpaka kwenye tai ya mgeni. "Wewe hujakariri," akasema.

Mwalimu Evelina akafumba macho.

Yotham ndiye aliyeanza kupiga makofi, wengine wakafuata, mia moja na tisa. "Mgeni! Mgeni! Mgeni!" Mtu wa ofisi za Dodoma anaijua sauti ya kupigiwa makofi na hana kinga nayo. Bwana Batholomeo alisema upuuzi, akasema ana mkutano, kisha akavua koti akampa Seth.

"Naanzia wapi?"

"Hapa kwenye bendera. Kitofali cha kwanza, umwamkie mkubwa aliyepo." Priska akaonyesha gogo langu. "Babu Thobias."

Ndipo aliponitazama, mara ya kwanza ya kunitazama kweli siku ile. Akaona mvi, akaona vumbi la mbao, nadhani akaukumbuka na mlango.

"Shikamoo," akasema, upesi, kama mtu anayemeza kwinini.

Na kitofali cha pili kilisema subiri.

Sitajificha. Niliisikia ile shikamoo ikinishuka kama chai ya tangawizi, na sikuona haraka ya kuimaliza. Nilikumbuka mabenchi niliyokaa mbele ya milango ya watu wenye suti kama ile, Manyoni, Singida, Morogoro, nikiambiwa subiri mzee. Nikakung'uta vumbi kwenye mguu mmoja wa suruali. Nikahamia wa pili. Uwanja mzima kimya. Mgeni amesimama kwenye alama, mikono imemning'inia, hawezi kwenda mbele wala kurudi, sheria imemshika na sheria ni yangu.

Nikaona taya lake linaanza kukaza. Nikaona Seth anakunjua kamba. Kisha nikaona chaki mkononi mwa Mwalimu Evelina, ameibana kwa vidole vyote, ikakatika pa! kwenye ule ukimya.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Habari za mjini?"

"Habari haimo kwenye mnyororo, babu!" akapiga kelele Priska. "Atembee!"

Akatembea. Watoto walimhesabia moja mpaka kumi, akaanza tena, mpaka kwenye uzio. Akagusa mwiba, akaruka, akageuka. Kumi nyingine, na kumi nyingine, mpaka kwenye pikapu yake. Akaigusa kwa kiganja, naye akageuka, akaipa mgongo akarudi kuelekea darasani, na Seth na kamba zake akabaki anashangaa. Mzunguko wa tatu jasho lilitoka. Wa nne alianza kuachanisha na kukutanisha miguu kama mbuzi wa kwenye kioo, nami naapa hakuna aliyemwambia.

"Na sauti?" akauliza Yotham.

Bwana Batholomeo akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akalia kama mbuzi. Vizuri sana. Wakati fulani mtu yule alichunga.

Mzunguko wa saba akaanza kuhema. "Naachaje?"

"Daima haiachi," akasema Priska kwa huruma. "Inatakiwa alama nyekundu. Babu hajaichonga."

Macho ya watu wote yakanigeukia. Nikajifanya napima ubao.

"Chai iko tayari!" akaita Mwalimu Evelina, na hiyo haikuwa kwenye vitofali lakini ilifanya kazi.

Baada ya chai mgeni akafungua daftari lake, akaandika huku akisema: "Nimeona kitu kinatembea."

"Kitu gani, mheshimiwa?" akauliza mwalimu mkuu.

"Naandika kitu, basi."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri ya watoto wenyewe. Kompyuta zibaki."

Pikapu ikaondoka na kreti la zabibu la zawadi, magunia matupu, na kamba zilizokunjwa tena. Kabla hajapanda, Bwana Batholomeo alimwita Priska kando, akainama, akamuuliza kitu sikioni. Baadaye nikamuuliza mtoto alitaka nini.

"Aliuliza H iko wapi."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia iko pembeni ya G, katikati kabisa. Akasema ahsante, akasema nisimwambie mtu."

Yule mtu wa Bahi alipata fundi mwingine wa milango. Manyoni ipo palepale, haijahama. Kila Jumatatu Mwalimu Evelina ananikumbusha kitofali chekundu, na mbao nimeshaikata, imepigwa msasa, mwezi wa nne sasa ipo juu ya rafu. Imebaki rangi tu. Juzi nilikwenda mjini, nikazunguka maduka ya Majengo nusu siku nzima. Siku hizi za soko huria hakuna kisichopatikana, nimeziona rangi nyekundu za aina saba. Sikuipenda hata moja.